Kidole cha Seremala

Seremala alifiwa na mkewe mwanzoni mwa mwaka. Nguo ziligawanywa, vyombo vikachukuliwa na ndugu. Gitaa likabaki. Akalitundika karakanani, juu ya meza ya kazi.

Miaka thelathini na minane mkewe alikaa mlangoni pa karakana hiyo akipiga gitaa, yeye akipiga randa. Kuongea hawakuongea sana. Kulikuwa na wimbo mmoja aliotunga mkewe mwenyewe. Ukianza, seremala alipunguza mwendo wa randa ili ausikie. Sasa nyumba ilikuwa kimya hadi masikio yanauma. Alitaka kuisikia ile sauti tena, mara moja tu, basi.

Binti yake alifundishwa gitaa na mama yake, lakini wimbo ule kumpigia baba alishindwa. Kila akijaribu, machozi. Mzee akaamua kuupiga mwenyewe; kumwelekeza binti aliweza. Akawa anakuja kila Jumapili. Wimbo ulikuwa na kodi nne, yaani mikao minne ya vidole juu ya nyuzi. Tatu zilimwingia mzee. Ya nne ndiyo iliyomtoa jasho: kidole cha shahada kinalazwa juu ya nyuzi zote sita, kizibane kwa pamoja.

"Puh," likasema gitaa.

"Baba, unalikaba kama kuku wa kuchinjwa!"

"Linanishinda nguvu."

"Wewe? Uliyebeba kabati mgongoni peke yako?"

"Kabati lina pa kushika, mama."

Zamani msumeno ulikikata kidole hicho, kikapona na kibonde katikati. Nyuzi mbili zilipita kwenye kibonde, zikanyamaza.

Siku moja akalitazama gitaa kwa jicho la kazi yake. Aliona nyuzi zimekaa juu mno. Mlango ukigoma kufungika, unaupunguza. Maisha yake yote alifanya hivyo. Akalegeza nyuzi, akachomoa kijiti cha mfupa kinachozibeba, akakipiga msasa kidogo, na kidogo tena. Akakirudisha. Kidole kikalala, nyuzi zikakubali. Akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu msiba.

Jumapili binti alisikia kodi moja tu, akamshika mkono.

"Baba, umelifanya nini?"

"Nimelipunguza kidogo."

"Hebu sikiliza." Akagonga uzi mnene. Ukalia kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. "Mama hakumruhusu fundi yeyote kukigusa hicho kijiti. Alisema sauti yake iko hapo. Hukujua?"

Hakujua. Miaka yote hiyo alisikiliza, kuuliza hakuuliza.

Aliranda kipande cha ubao hadi kikawa chembamba kama ganda la kitunguu, akakiweka chini ya kijiti. Nyuzi zikapanda hadi zilipokuwa, na ugumu wake ukarudi. Safari hii hakunung'unika. Binti akamwonyesha akilaze kidole kiubavu, upande wenye mfupa, na kiwiko akisogeze karibu na mbavu. Kila asubuhi kabla ya kazi alilaza kidole, akagonga uzi mmoja mmoja, akasikiliza ni ngapi zinalia. Nne. Baada ya wiki kadhaa, tano. Ngozi ikachubuka, ikaota sugu juu ya sugu.

Jumapili moja, mvua imekatika, nyuzi zote sita zikalia. Akapiga wimbo wote, polepole, mwanzo hadi mwisho. Binti alikaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Safi, Baba. Hakuna uzi uliokufa hata mmoja."

"Usafi sikuulizi. Ni sauti ya mama yako?"

Binti angeweza kumdanganya; hakutaka.

"Hapana, Baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Nilisikia," akasema. "Nilitaka mtu mwingine aniambie."

Binti akahama kwenye benchi, akaja kukaa ubavuni pake. Kidole cha mzee kilikuwa bado kimelala juu ya nyuzi, kimezibana zote sita. Hakuzigonga.