Mpiga Mbiu wa Kikosi cha Nyuki

Kinyozi wa kona ile alikuwa mtu wa maneno machache mno. Wateja walimbandika jina la Bubu, naye akaliitikia bila kinyongo. Vinyozi wengine hukumalizia habari za mtaa mzima kabla mashine haijafika kisogoni. Yeye aliuliza tu, "Kama kawaida?" ukajibu ndiyo, na kuanzia hapo mazungumzo yalibaki kati yako na mashine.

"Huyu jamaa ni redio iliyotolewa betri," alisema fundi viatu, jirani yake ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa kinyozi. "Ila kwa kunyoa, hamumpati."

Bubu alicheka kwa pua na kuendelea kupangusa kioo.

Sasa nani angesadiki kwamba mtu huyohuyo alikuwa mpiga mbiu wa jeshi?

Jambo lenyewe lilianza kwa mzaha. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimwekea mchezo kwenye simu siku moja ambayo wateja walikuwa wamegoma kuja. Ni mchezo wa ngome na vita, unaochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mtandao, kila mmoja akiwa kwake, wengine nchi za mbali kabisa. Mtu peke yake humo hafui dafu. Sharti ajiunge na kikosi. Bubu akajiunga na Kikosi cha Nyuki, kilichokuwa na watu mia tatu na ushee, wote wakijuana kwa majina ya bandia. Hakuna aliyemjua mwenzake kwa sura wala kwa namba ya simu.

Siku ya kwanza aliingia ngomeni akasimama kama mgeni aliyeachwa sebuleni. Watu walipita mbio, farasi wakampita, hakujua ashike wapi. Ndipo akaja mpiganaji mmoja aliyebeba ngao mgongoni, mwendo wa taratibu, jina lake Kobe. Aliweka jiwe miguuni pa Bubu, akaokota la kwake, akalipachika ukutani. Akarudi, akaweka jingine. Bubu akaelewa. Wakajenga bega kwa bega mpaka mteja alipoingia, na kesho yake hivyohivyo, na miaka ikapita wakijenga. Hawakuwahi kuandikiana hata salamu. Bubu hakujua kama Kobe ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Alijua tu kwamba akimwona ukutani, moyo wake unatulia kama mtu aliyefika nyumbani.

Kikosi kiliongozwa na mwanamke aliyeitwa Jemadari, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Mpiga mbiu wa zamani alipoacha mchezo, Jemadari alimteua Bubu.

"Nyinyi wengine mnaandika hotuba," aliwaambia. "Huyu anaandika kama mtu anayelipia kila herufi. Ndiye ninayemtaka."

Kazi yenyewe ilikuwa na taratibu zake. Kulikuwa na ukumbi wa matangazo, mahali ambapo mpiga mbiu peke yake ndiye anayeandika, wengine wanasoma tu. Aliyesoma huacha alama ya ngumi chini ya tangazo, maana yake nimesikia, nitakuwepo. Jambo dogo huandikwa kimya, kama bango ukutani. Jambo kubwa hupigiwa kengele, nayo hulia kwenye simu ya kila mwanakikosi popote alipo, hata kama hayumo mchezoni. Na kwa kuwa huyu kwake ni asubuhi na yule kwake ni usiku, saa za kawaida hazikutumika kabisa. Walifuata jua la mchezoni, ambalo wote waliliona mahali pamoja. "Vita jua likigusa mnara," Bubu aliandika, na hakuna aliyechelewa.

Siku alipopiga kengele kwa mara ya kwanza, alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea akitazama simu. Ngumi ikatokea. Ikatokea ya pili. Kisha zikaja kwa makundi, kama matone ya mvua kwenye bati, kumi, hamsini, mia. Maneno manne aliyoyaandika kwa dole gumba yalikuwa yameingia mifukoni mwa watu ambao hatawaona maisha yake yote, nao wameacha walichokuwa wakifanya ili kumjibu yeye. Nywele zilimsimama.

"Baba watoto, unamchekea nani?" mkewe alimuuliza nyumbani jioni ile.

"Watu."

"Watu gani?"

"Siwajui."

Mkewe alimtazama, akaendelea kumenya vitunguu. "Mradi wanakuchekesha," alisema. "Mimi nimejaribu miaka yote hii."

Lakini raha ile ilimlevya. Akaanza kupiga kengele kwa kila kitu. Ghala limejaa, kengele. Farasi amezaa, kengele. Habari za asubuhi, kengele. Kila alipotaka kuona ngumi zile zikinyesha, kidole kilikwenda chenyewe. Ngumi zilipopungua, alidhani watu wametingwa na kazi.

Ndipo ikaja habari kutoka kwa wenye mchezo. Dunia ile kongwe itafungwa Jumapili, jua la mchezoni likifika juu kabisa ya mnara. Imejengwa dunia mpya, na njia ya kwenda huko ni Lango la Mashariki. Kila mtu avuke kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna wa kumvusha mwenzake. Atakayebaki atafutika pamoja na jina lake.

Bubu alisoma mara mbili. Akafikiria mtu anayejulikana kwa jina moja tu la bandia, halafu jina lile lifutwe. Utamtafuta wapi? Utamuulizia kwa nani? Akamfikiria Kobe.

Akapiga kengele. Akasubiri. Zikaja ngumi chache, za kuhesabika. Ya Kobe haikuwepo. Akapiga tena. Hakuna. Akamfuata Jemadari.

"Ndugu yangu, nikuambie ukweli hutanuna?" Jemadari alisema.

"Sinuni," Bubu aliandika.

"Watu wamekuzima. Wamezima sauti ya kengele yako. Mimi mwenyewe nilikuzima siku ile uliyotutangazia kwamba kwenu mvua imenyesha."

Uso ulimwaka moto mle kibandani, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Sauti pekee aliyokuwa nayo duniani, aliitumia kutangaza mvua.

Asubuhi iliyofuata alipita na mashine juu ya sikio la mteja mara tatu bila kuiwasha. Fundi viatu aliyeona yote kupitia dirishani akaja na kiatu mkononi.

"Bubu, leo umenyoa hewa. Kuna msiba?"

Na Bubu, kwa mshangao wa fundi viatu, akafunguka. Alieleza habari yote, kikosi, kengele, lango, na Kobe. Fundi viatu hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile hata akiyakusanya ya mwaka mzima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Kumbe wewe ni mimi tu," alisema. "Mimi nimeandika ubaoni, njoni mchukue viatu vyenu. Nani anasoma? Basi siku hizi nakichukua kiatu cha mtu nakitundika njiani anapopita kila siku. Ubao haoni, lakini akiona kiatu chake mwenyewe kinaning'inia hewani, breki! Wewe unawaita waje kwako. Nenda kwao, bwana."

Bubu akainamia simu. Alimjua kila mtu mahali mkono wake unapokwenda, maana ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote, kutazama bila kusema. Yule wa mishale huanzia kwenye pipa la mishale. Bubu akaweka kibao juu ya pipa. Wanaonywesha farasi akawawekea birikani. Mlinzi mmoja aliyependa kulala juu ya paa la zizi akaandikiwa paani. Kati ya mteja na mteja, siku baada ya siku, Bubu alizunguka ngomeni na maneno yaleyale: "Dunia inafungwa. Lango la Mashariki. Jumapili." Nao wakaona, wakaambiana. Ngumi zikarudi, kwanza kwa woga, halafu kwa wingi.

Kobe alijulikana anapoanzia. Pembeni mwa ukuta kulikuwa na rundo la mawe ambalo hakuna mwingine aliyeligusa. Kwenye jiwe huwezi kuandika zaidi ya neno moja, nafasi haitoshi. Bubu akaandika neno moja kwa kila jiwe, akayapanga kwa mfuatano ili mtu akiokota hili asome, akiokota lile asome: Kobe. Dunia. Inafungwa. Pita. Lango. La. Mashariki. Nakusubiri.

Akangoja. Mawe hayakuguswa. Alhamisi ikapita, Ijumaa, Jumamosi. Kobe hakuingia mchezoni.

Jumapili kibanda kilikuwa wazi. Mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, Bubu alipochungulia simu na kusahau mashine mkononi. Fundi viatu akaja, akashika mlango.

Wote walikuwepo ila Kobe. Kikosi kizima kilikuwa kimesimama mbele ya Lango la Mashariki, safu kwa safu, kofia za chuma, mabawa ya dhahabu, farasi weupe, bendera za njano hadi upeo wa macho. Walitoka kwenye mapambazuko na walitoka kwenye usiku wa manane, kila mmoja ameshika simu yake katika chumba chake, na bado walikuwa mahali pamoja, wametulia. Hakuna aliyevuka.

"Hawa wote ni watu kweli?" mteja aliuliza kwa sauti ya chini.

"Watu kweli," Bubu alijibu.

"Loo."

Sauti ya Jemadari ikatoka simuni. "Mpiga mbiu! Hawavuki bila tangazo lako. Jua linapanda, kuandika hakutafaa. Sema kwa mdomo."

Bubu hakuwahi kusema kwa mdomo. Alimtazama fundi viatu, fundi viatu akamwashiria kwa kidevu: haya. Akabonyeza kipaza sauti.

"Vukeni," alisema. "Mimi nabaki kumngoja Kobe."

"Utafutika nawe, mwendawazimu wewe!" Jemadari alifoka, lakini sauti yake ilikuwa imepasuka kidogo.

Safu zikaanza kwenda. Kila aliyempita Bubu alishusha silaha yake chini mara moja, kisha akaingia langoni na kutoweka. Walikuwa wengi mno, na kila mmoja alishusha. Bubu akaiweka simu juu ya meza, kando ya brashi na poda.

"Endelea tu, kaka," mteja alimwambia. "Nywele zangu haziendi popote."

Jua lilikuwa limekaribia mnara. Uwanja ukawa mtupu. Ndipo, kule mbali ukutani, jiwe moja lilitoka kwenye rundo. Halafu la pili. Mawe yalitoka moja moja, bila haraka, kama mtu anayesoma kwa kidole. Jiwe la mwisho likatoka. Kisha ngao ikaonekana mgongoni mwa mtu, na Kobe akaanza kuja.

Alikuja kwa kujikokota. Alikuwa ameyabeba mawe yote, na mchezoni mwenye mzigo mzito hawezi kukimbia.

"Tupa mawe!" fundi viatu alipiga kelele. "Mwambie atupe mawe!"

"Hasikii, kazima sauti," alisema Bubu, na tayari alikuwa anamkimbilia. Alipomfikia, hakumwonyesha lango. Alichukua nusu ya mawe akajitwisha. Mzigo ulipogawanyika, wote wawili wakaweza kukimbia. Jua liligusa ncha ya mnara, mnara ukaanza kumomonyoka kwa juu, ukuta waliojenga miaka yote ukayeyuka nyuma ya visigino vyao, na wakapita.

Kioo cha simu kikawa cheupe. Kisha likatokea bonde la kijani lisilo na kitu, na Kobe amesimama kando yake.

Simu ikakwaruza. Sauti ikatoka, ya mwanamke mzee, ya chini sana.

"Mwanangu, ni wewe mwenye mawe?"

Bubu alisimama wima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unisamehe. Nina mgonjwa, mume wangu, na simu huwa iko kando ya kichwa chake. Kengele yako ilikuwa inamshtua, nikaizima. Juma hili alizidiwa, sikutoka kitandani pake. Leo kapata usingizi, nikasema nikajenge kidogo. Nikaokota jiwe, nikakuta jina langu."

"Mzee anaendeleaje?"

"Anapumua vizuri. Nakusemesha kwa kunong'ona."

Bubu naye akashusha sauti, na fundi viatu, bila kuambiwa, akaurudisha mlango polepole ili kelele za barabarani zisiingie. Wakaongea kidogo, mambo ya dawa na ya kula, mpaka yule mama akaenda kumgeuza mumewe.

Kisha Bubu akafungua ukumbi wa matangazo wa dunia mpya, uliokuwa mtupu. Aliandika kimya, bila kengele: "Kobe amefika." Akainua simu ili wenzake wawili nao waone. Ngumi ya kwanza ikatokea, ya pili, kisha zikajaa kioo chote na kuendelea kupanda, na wanaume watatu, mmoja wao na nusu ya nywele kichwani, walisimama wakizitazama.