Training ya bure ya waandishi wa mtaani pale Sinza: walichokitaka ni jina la mtu mmoja

Wakuu, habari za mchana. Jambo hili nimelikalia muda mrefu, leo nalitua.

Sio chai. Yaliyotokea ndiyo nitakayoandika. Ila majina nimebadilisha, kazi ya huyo mama nitakayemtaja nimebadilisha, na mtaa nimeusogeza kidogo. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Mie ni mwandishi wa redio ya jamii huku Temeke. Neno "mwandishi" lisiwatishe, sijasomea. Nilikuwaga napiga simu kipindi cha asubuhi kulalamikia maji, napiga, napiga, mpaka siku moja mtangazaji akaniambia, "Dada, badala ya kulalamika si uje utuletee habari?" Nikaenda. Kifaa changu cha kurekodia ni simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Bando nanunua mwenyewe.

Mafunzo ya hotelini huwaga ya wale wa vyombo vikubwa. Sie tunawaona tu wakirudi na mabegi ya semina.

Sasa sikilizeni.

Kule nyuma ya mafundi samani wa Keko kulikuwa na godauni lenye geti la bati, halina kibao chochote. Ndani walikuwa wanapasua betri chakavu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Moshi wake ukiuvuta unabaki na ladha kooni, kama umelamba sarafu. Maji ya betri, ile tindikali, yanamwagwa mtaroni, na mtaro unapita nyuma ya nyumba za watu. Watoto wanacheza humo humo.

Mama mmoja jirani alinionyesha miguu ya mwanawe. Sitaielezea. Ndipo nikaanza kufuatilia.

Nilienda getini kuomba kuongea na mwenye godauni. Akatoka msimamizi wao, kipara, mabega mapana. Akafunika simu yangu kwa kiganja chake chote.

"Sista, hapa hakuna habari. Usirudi."

Hakupaza sauti. Ndicho kilichonitisha.

Mtu aliyenisaidia nitamwita Bi Tatu. Tuseme alikuwa mama ntilie, akiwapelekea wafanyakazi chakula cha mchana. Mtu wa nje aliyevuka lile geti alikuwa yeye peke yake. Alinieleza kila kitu: betri zinapasuliwa wapi, maji yanamwagwa saa ngapi, vijana wanaokohoa wanarudishwa vipi makwao. Akanikunjulia kanga yake. Ilikuwa na vitobo vidogo vidogo chini, ungedhani imeliwa na mende.

"Hii mpya, mwanangu. Kama kanga imekuwa hivi, ngozi ya mtoto je?"

Kisha akanishika mkono. "Ukinitaja nimekwisha. Yule msimamizi hana utani."

Nikamwapia.

Sasa wakati nahangaika habari hii niipange vipi, kwenye group letu la WhatsApp la waandishi wa mitaani likaingia tangazo. Mafunzo ya bure kwa waandishi wa jamii wa Kinondoni na Temeke. Habari za uchunguzi, usalama wa mwandishi, na kila mshiriki atapewa mentor, mtu wa kumwongoza. Chakula juu yao.

Nikauliza kwenye group, jamani hawa ni kina nani? Hakuna aliyejua. Aliyeliweka akasema na yeye kaforwadiwa.

Mashaka yalianzia hapo. Lakini wakuu, mwenye kiu hachagui sana kikombe. Miaka yote hakuna aliyewahi kunifundisha chochote. Nikaenda.

Ukumbi ulikuwa ghorofani kwenye guest moja Sinza. Chini muziki wa baa, juu sie na daftari. Nilikaa karibu na kijana anaitwa Edgar, mtu wa Bukoba, anaandika blogu ya habari za kule Kinondoni. Mchangamfu, ananiita dada. Naye alikuwa na habari ya zahanati moja binafsi inayobandika tarehe mpya kwenye dawa zilizoisha muda.

Mkufunzi alikuwa mhariri mstaafu, Mzee Kitwana. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akakunja mikono ya shati na kuanza kazi. Na niseme ukweli, mzee alifundisha. Namna ya kuuliza swali bila kumtia mtu maneno mdomoni. Namna ya kumtafuta anayelalamikiwa naye aseme yake. Namna ya kuthibitisha jambo bila kumtegemea mtu mmoja. Kuna neno alilisema nikaliandika kwa herufi kubwa: mtu aliyekupa habari kwa siri amekupa amana.

Mpaka saa ya chakula nilikuwa najilaumu kwa kuwafikiria watu vibaya.

Baada ya chakula ndipo akaingia Glory.

Alisema yeye ni mratibu, na ndiye mentor wetu sote. Mrembo, mtaratibu, anacheka na kila mtu. Akatuita mmoja mmoja kwenye kichumba cha pembeni kusikiliza habari tunazozifanyia kazi.

Nilipotaja betri, alisogeza kiti.

"Waooh, hiyo kubwa mpenzi. Nani kakwambia ya ndani?"

Nikamwambia kuna mtu.

"Mfanyakazi?"

Nikacheka, nikasema ni mtu tu.

"Mwanamke au mwanaume? Bado yupo pale pale? Sikiliza my dear, lengo letu ni kumlinda. Tunaweza hata kumhamishia sehemu salama. Ila lazima tumjue."

Wakuu, maneno yalikuwa matamu. Lakini nikiwa nashuka ngazi kitu kilinigonga. Yule dada hakuniuliza hata mara moja kama kuna mtoto anaumwa. Hakuuliza mtaro, hakuuliza moshi, hakuuliza nimethibitishaje. Mwalimu gani wa uandishi anasikia habari halafu haulizi habari?

Nilimfuata Mzee Kitwana nje akisubiri usafiri wake. Nikamuuliza, mzee, hawa waliokuita unawafahamu?

"Nimepigiwa simu nije kufundisha, nimefundisha." Akaniangalia vizuri. "Kwani vipi?"

"Mratibu anataka jina la mtu wangu."

"Hata mimi usiniambie, mwanangu."

Akapanda gari, akaondoka. Nikabaki najiuliza, ananionya au anajitoa? Siku hiyo nilimshuku hata yeye.

Baada ya hapo Glory akawa hakosi kunipigia. Asubuhi anauliza nimeamkaje, jioni anauliza mtu wetu anaendeleaje. Mtu WETU. Nikawa siendi tena kwa Bi Tatu. Nikipita barabara ile nageuza uso upande wa pili kama simjui. Naye aliona nimebadilika, nikahisi anaanza kunishuku mie.

Huwezi kuishi hivyo. Nikaamua kujua moja.

Nilimwambia Glory kwa simu kwamba mtu wangu ni mwanaume, anafanya kazi mle ndani, ameingiwa na hofu na kesho asubuhi anarudi kwao Singida. Tutaagana stendi ya Mbezi Luis, karibu na migahawa. Ana begi jekundu.

Hakuna mtu wa hivyo. Nilimtunga palepale. Na maneno hayo sikumwambia kiumbe mwingine, hata Edgar.

Asubuhi niliazima nikabu ya dada yangu, nikamwambia naenda kwenye shughuli. Nikafika stendi mapema, nikakaa kwenye benchi kati ya akina mama wenye mizigo, nimefunikwa nabaki macho tu.

Sikukaa sana. Nikamuona kipara anaingia.

Yule yule. Msimamizi wa godauni, na jamaa mwingine amevaa kapelo. Wakasimama karibu na migahawa, wakawa wanakagua abiria usoni na mabegini.

Unaweza ukamshuku mtu mwezi mzima, lakini siku unayothibitisha bado unatamani uwe umekosea.

Simu ikatetemeka. Glory.

"Upo wapi mpenzi? Kashafika?"

Nikanong'ona nipo kwenye foleni, nachelewa.

"Usijali kabisa. Kuna wenzetu wamekuja kumsindikiza, watamtambua kwa begi."

Nikakata. Nilikuwa nimeshapata jibu langu, ningeweza kuinuka na kuondoka zangu. Ila kuna jambo sikuliwaza, na naliandika kama lilivyo. Kwenye stendi kubwa vile, begi jekundu haliwezi kukosekana.

Likaja. Kijana mwembamba, begi jekundu mgongoni, anatafuna andazi, hana habari na dunia. Kipara akamgusa mwenzake. Wakamwendea, mmoja kushoto, mwingine kulia. Yule wa kapelo akamshika mkono juu ya kiwiko. Nikaona andazi linadondoka.

Pembeni yao watu wanapita tu. Nani anajali? Kwa anayeangalia ni jamaa watatu wanasalimiana.

Sijui nilipata wapi akili. Niliinuka, nikaenda moja kwa moja, nikaanza kufoka.

"Baba Nasra! Gari linaondoka wewe unapiga soga hapa? Mtoto nimemwacha na mtu nisiyemjua kwa ajili yako!"

Nikambamba mkono wa pili, nikavuta. Watu wakageuka, kuna mama akacheka. Yule wa kapelo akaachia. Kipara alinikazia macho kwenye lile tundu la nikabu. Aliwahi kunisikia sauti getini, na nikaona kabisa kwamba anatafuta ameisikia wapi. Mie nikazidi kufoka kwa lafudhi ya Kitanga ambayo sina.

Tulitembea mpaka katikati ya mabasi. Kijana akachomoa mkono wake.

"Dada, mimi sina mke."

"Najua. Unaenda wapi?"

"Dodoma. Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Panda gari lako, usishuke."

Nilisimama pale mpaka basi lake likatoka. Alinipungia mkono dirishani. Jina lake sikumuuliza.

Nilipofika nyumbani nikampigia Edgar. Nikamwambia, mdogo wangu, chochote Glory atakachouliza usijibu.

Akasema, "Dada, mie nilishampa jina."

Nesi aliyemsaidia kwenye habari ya zahanati aliitwa ofisini wiki ile ile na kuambiwa asirudi tena kazini. Edgar alikuwa anadhani ni bahati mbaya. Nilimsikia analia kwenye simu, mwanaume mzima. Siku hizi blogu yake haipo. Nikimtafuta anapokea, tunasalimiana, lakini habari za kazi hataki kabisa kuzisikia.

Glory nilimwandikia kwamba mtu wangu aliahirisha safari na sasa hapokei simu. Akajibu kwa emoji ya kikopa. Baada ya muda namba yake ikawa haipatikani, na group la WhatsApp walilotuunga sie washiriki baada ya mafunzo likafutwa. Alikuwa ametumwa na wenye godauni? Alikuwa anauza majina kwa yeyote anayetaka? Na waliobaki kwenye ule ukumbi walipoteza nini? Mpaka leo sijui.

Habari niliifanya. Nilimtafuta Mzee Kitwana. Nilikaa sebuleni kwake nikimchunguza kama polisi, chai yake sikuinywa. Akaiona ile chai, akatabasamu.

"Vizuri. Usininywee chai mpaka uridhike."

Akanielekeza kuiandaa habari nzima kama vile mtu wangu hajawahi kuzaliwa. Nilirekodi akina mama wa kule mtaroni, wenyewe kwa majina yao na ridhaa yao. Nilimpata daktari aliyekubali kueleza risasi inamfanya nini mtoto. Niliwapigia wenye godauni watoe maelezo, wakanitukana, tukatangaza kwamba tuliwatafuta. Ikaenda hewani asubuhi. Wakaguzi walikuja, geti likafungwa.

Bi Tatu hakuna aliyemjua. Ila wateja wake wote walikuwa ndani ya lile geti, na walitawanyika. Nilimkuta amegeuza masufuria juu chini, hakuna anachopika. Nikaanza kuomba radhi, akanikatisha.

"Mie nitapika kwingine. Wewe ule mtaro umeuona leo? Mkavu."

Nilichojifunza, wakuu. Mafunzo tunayahitaji sana sie wa chini. Aliyetutega alijua hilo, ndiyo maana akatutega kwa mafunzo. Na mengi niliyofundishwa siku ile yalikuwa ya kweli, ndiyo hayo hayo yaliyonisaidia. Hapo ndipo panaponichanganya. Kwa hiyo mie naangalia maswali ya mkufunzi. Anayekufundisha kweli atakuuliza umejuaje. Akikazania nani kakwambia, funga daftari.

Na hasara nyingine ni hii. Mialiko bado inakuja, mingine bila shaka ya watu waaminifu kabisa, na mie siendi. Naona aibu kusema, ila siendi.

Nyie wenzangu mliopo kwenye tasnia, mnawajuaje wa kweli? Kuna aliyekutana na Glory wake? Mwageni hapa, nasoma zote.

EDIT: Nashukuru kwa michango. Kuna ID, akaunti iliyofunguliwa leo leo, imenifuata PM kwa siri. Inanipongeza sana kwa ujasiri, inasema ina nafasi ya mafunzo kwa ajili yangu, na inauliza tu kama yule mama bado anapika.

Sijaijibu. Kama ni mtu mwema, anisamehe.