Nyumba Zilizoupa Mto Mgongo

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, Wadachi walituhamisha. Akida, mtu wao huku kwetu karibu na Ifakara, alikuja na askari, kamba na vigingi, akatangaza sheria: viwanja vyote viwe sawa, nyumba zikae mstari mmoja, na kila mlango utazame barabara.

Sisi watu wa Kilombero tulikuwa tukijenga popote palipoinuka, mafuriko yasipofika, na milango ilitazama mto, maana mgeni wetu alikuja kwa mtumbwi. Akida alipenda mstari kuliko watu, nami sikumpenda hata kidogo. Lakini mwenye nguvu mpishe, tukampisha.

Aliyeumia zaidi ni mama. Baba alikwenda vitani kwa mtumbwi, na hakuna aliyetuletea habari ya kifo chake. Mama alikataa kuweka matanga.

"Atarudi kwa mto," alisema. "Sasa ataijuaje nyumba yake?"

Ilikuwa kweli. Ukisimama ukingoni uliona kuta tupu za udongo, zote sawa. Mimi mwenyewe, nikitoka kuteka maji, nilipotea.

Basi mama akatundika nyuma ya nyumba mgono wa baba, mtego wa samaki aliousuka mwenyewe. Mdomo wake ulipinda, na majirani walizoea kumtania kwamba samaki wake huingia kwa ubavu. Akida alipokuja kukagua aliamuru ushushwe. Nyuma nako kuna sheria, alisema. Mama akauingiza ndani.

Masika hayo mvuvi wa upande wa Lupiro alikuja kubadilisha samaki kwa mpunga.

"Mama, leo asubuhi kwenye ukungu nimemwona mtu na mtumbwi," alisema. "Anapita taratibu nyuma ya nyumba zenu, anatazama ukuta huu, anatazama ule. Nimemsalimu, hakuitika. Alipofika mwisho wa mstari akageuza, akarudi akifuata mkondo wa maji."

Mama hakumuuliza huyo mtu alifananaje. Alichukua jembe akatoboa ukuta wa nyuma mpaka mto ukaonekana. Askari walimchapa viboko barabarani, wakaliziba tundu kwa udongo. Akatoboa tena. Wakaziba, akatoboa, mpaka wao ndio waliochoka.

Mama alifariki huku mlango ule alioutoboa uko wazi, na mgono umening'inia juu yake. Nyumba nimeirithi mimi. Kukiwa na ukungu nasikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, nami naogopa, sikatai, lakini mlango siufungi.

Mvi zimenijaa sasa. Baba aliondoka hapa kijana, hana hata unywele mweupe. Naogopa kwamba siku atakapouona mgono wake na kuingia, atanikuta hapa nimekaa, atainama kwa adabu na kuniambia, "Shikamoo, bibi. Namuulizia mke wangu na mtoto wangu mdogo."