Madumu ya Petroli Chini ya Ngazi

Kosa la wengi wetu ni kudhani petroli haiharibiki. Tunaiweka ndani kama mchele, tukiamini akiba ni akiba.

Nina miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa kemia. Naishi Mji Mkongwe na binti yangu na wanawe wawili. Binti yumo edani. Mumewe, nitakayemwita Haji, alikuwa na boti ya kutembeza wageni Kendwa.

Chanzo nitakieleza taratibu. Serikali ilipotangaza kwamba petroli itachanganywa na spiriti ya miwa, waagizaji walisita wakingoja kanuni. Sisi wa kisiwani tunategemea meli. Zikichelewa, vituo hukauka. Hata mafuta hayo mapya yalipoanza kufika, wenye boti waliogopa yatakatika tena. Haji akajaza madumu, akayapanga chini ya ngazi yetu.

Nikamwambia, "Mwanangu, spiriti hunywa maji. Hewa yetu ina unyevu, na vifuniko vyako havikazi. Yakikaa sana, maji na spiriti vitajitenga vizame chini, na mashine itanyonya hayo hayo."

Akacheka. "Nshasikia, Mwalimu. Mtihani lini?"

"Mtihani utaukuta baharini."

Tukacheka sote.

Miezi ikapita, vituo vikakauka tena. Haji akachukua dumu moja akaenda kazini. Wageni aliwashusha salama. Akirudi peke yake mashine ikazimika, mkondo ukamchukua. Boti ilionekana kwanza, yeye kesho yake. Tukamzika baada ya Alasiri.

Hitma ilipokwisha, nilimimina kidogo kutoka dumu jingine kwenye gilasi. Tabaka mbili, zimeachana kabisa, kama nilivyokuwa nikiwachorea wanafunzi ubaoni. Nikaitupa ile gilasi, nikaenda kuswali.

Jioni binti akaniuliza, "Baba, wewe msomi. Mashine ilizimika kwa nini?"

"Mungu ndiye ajuaye."

Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kueleza.

Nilipotaka kuyatoa madumu, alisimama mbele yangu. "Usiyaguse, Baba. Kayabeba kwa mikono yake." Huyafuta vumbi. Harufu imepanda mpaka chumbani kwake, naye anasema ndiyo harufu ya Haji akirudi kazini. Jiko letu liko pale pale chini, na wajukuu huchezea kwenye ngazi hiyo.

Silii. Nakula, nalala, nasikia harufu.

Nikiyatoa akiwa amelala, atanichukia bila kujua sababu. Nikimweleza, atajua kwamba mumewe alionywa akacheka, na kwamba mimi nilicheka naye. Nikiyaacha, moto haungoji eda iishe. Nishaurini, ndugu zangu: nimwambie nini mwanangu?

Na wakati mkinifikiria, aliye na dumu la petroli ndani ya nyumba alitoe nje leo.