Tumbo la Kambo Wangu Liko Kwenye Sabuni ya Kamina Yote

Ndugu wa ukurasa huu wa mashauri, jina langu mulifiche vizuri, maana hapa Kamina mtu akisema tu "ule mama wa ngozi", hata mbuzi wanageuka kuniangalia. Niko mwanamke wa miaka thelathini na nane, bibi ya sarjenti wa Base, kambi kubwa ya jeshi ya hapa, mama wa watoto watano. Masomo tuliachana darasa la sita, kwa amani, hakuna aliyelia. Lakini dunia naijua: Lubumbashi, Ndola, Kinshasa mara mbili na ndege ya jeshi, nimekalia gunia la mihogo kama waziri.

Kazi yangu ni kutunza ngozi. Siyo zile krimu za kuchubua, uso ndizi mbivu, vidole makaa. Minyi mwenyewe napika mafuta ya ngazi, yale mawese, na sabuni, naweka nkula, ule unga mwekundu wa mti ambao kwetu wanapaka mwanamke akitoka kuzaa. Na kabla ya kumgusa mtu ninamuuliza: "Unalala? Unakula? Nani alikuumiza?" Ngozi ni mlango tu, ugonjwa unakaa ndani ya nyumba. Bibi za askari wanakuja na mapele, wanalia kwanza, kisha ndiyo napaka. Wengine wanapona kwa kulia tu, mafuta nabaki nayo.

Sasa shida yangu. Baba alitoka mkoa wa Equateur, mama Muluba wa kijiji cha Mulongo, minyi nikazaliwa kambini. Wanawake wa soko walikuwa wananicheka: "Weye hauna kwenu, kwenu ni Base!" Nilikuwa nacheka nao, kisha nafika nyumbani nasukuma sahani pembeni. Kitu kimoja tu kilinifunga na Mulongo: Kambo wangu, mama ya mama yangu. Nilipokuwa mdogo nilitumwa kukaa kwake, na kila asubuhi nilikuwa nampaka mafuta. Tumboni alikuwa na ntapo, zile chale za wanawake Baluba wa zamani: mistari mitatu inashuka, duara ndogo, mistari mitatu inapanda. Vidole vyangu vilisoma pale kuliko macho yangu yalivyosoma shuleni. Nilipokuwa mkubwa nikachonga ile alama kwenye kipande cha mti, nikafanya chapa, na kila sabuni yangu ikatoka na tumbo la Kambo.

Ilipata sifa, wee! Wakubwa wanahubiri otantisite, turudie asili yetu, na minyi nikawapatia asili ya kuogea. Hakuna tena aliyesema sina kwetu. Kwetu nilikuwa nakuuza, kipande kwa kipande.

Mwaka huu Kambo akaletwa kwangu, mashua mpaka Bukama, kisha treni. Macho yake yameshaingia ukungu, haoni. Nilimtilia maji ya moto, nikamwekea sabuni mkononi, kifua mbele kama jogoo. Kidole gumba chake kikapita juu ya mistari. Kikarudi. Kikapita tena.

"Hii nani alikupa?"

"Ni weye, Kambo! Ni tumbo yako! Kamina yote inakujua!"

"Kamina yote?"

"Mpaka bibi ya komanda!"

Akaweka sabuni chini polepole, kama mtu anaweka yai. "Mujukuu, hii haikukuwa mapambo. Ilikuwa neno. Siku ya kunichanja, bamama baliniambia: muntu mumoja tu njo atasoma hii, na vidole. Kambo yako mwanaume, bwana yangu, alisoma, akakufa nayo. Sasa baaskari ba Base banaisoma na makwapa."

Nilitaka kucheka, ndugu zangu. Maneno yenyewe ni ya kuchekesha.

Toka siku ile, miezi mitatu, hataki mkono wangu. Anayemwosha ni jirani yangu, mama Mwislamu wa Maniema, mwenye moyo mwema, lakini mafuta anayamimina kama anakaanga samaki. Ngozi ya Kambo inapasuka miguuni na mgongoni. Minyi niliyeponya nusu ya kambi ninasimama mlangoni, chungu mkononi, kama mgeni.

Nilisema nitachoma ile chapa. Nikawasha moto. Akasikia, akasema: "Ukichoma, unanichoma. Siku nitakufa, ni huu muti tu utabakia kunijua." Nikasema basi nitaiweka. Akasema: "Ukiweka, utaniuza." Na bibi ya komanda ameshaagiza sabuni za wageni wa Kinshasa. Mume wangu ananiambia: "Mama, ukimukatalia madamu, minyi batanituma kule kwa vita, nisirudie tena." Na zile zilizokwisha kutoka nitazirudisha namna gani? Ziko kila nyumba.

Jana nilimkuta amekaa mbele ya mbao ninapokaushia sabuni. Alichovya kidole kwenye maji, anasugua sabuni moja, mistari inaondoka, anaweka, anachukua nyingine. Hakuwa na hasira. Anafanya kazi tu, kama mtu anachambua mchele. Nikapiga magoti, nikamuuliza kama ninavyouliza wagonjwa wangu wote:

"Kambo, unalala?"

"Hapana."

"Unakula?"

"Kidogo."

"Nani alikuumiza?"

Kidole kikasimama juu ya sabuni.

"Ni weye, mutoto yangu."

Halafu akaendelea kusugua, na minyi nikaendelea kupiga magoti. Wenye ukurasa na ninyi maelfu munaosoma, hata ninyi munaooga na ile sabuni, nishaurini: nifanye nini, mkono wangu ukubaliwe kumpaka Kambo mafuta, hata mara moja tu, kabla ngozi yake haijaisha?