Nimerudi dukani kudai dawa ya pili

Jamani, leo nimegombana na muuza dawa pale Usagara!
Anayeandika ni mkwe wangu, mimi naongea tu.

Mvua hizi, nyanya za jirani zimekauka majani kwa ukungu. Zangu bado nzima, nikawahi dawa. Binti wa dukani akasema, "Bibi, chukua hii, ni dawa mbili kwenye pakiti moja."

Nafika shambani, nafungua.
Unga mmoja tu!

Nikapanda bodaboda kurudi, na mgongo wangu huu mnaujua. "Wewe binti, nyingine umeificha wapi?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, zimeshachanganywa! Moja inakaa juu ya jani kulinda, nyingine inaingia ndani."

"Kama unga wa muhogo na mtama uliosagwa pamoja?"

"Hapo hapo, bibi!"

Si angesema mapema?

Nageuka niondoke, nyuma yangu kuna mzee mwenzangu kavaa koti. Alikuwa ananicheka sana huyo. Kumbe mkononi ana pakiti ileile, imefunguliwa.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nyamaza mama, tutoke."

Nyanya nimeshazipulizia zote, moyo umetulia. Haya, semeni ukweli, nani mwingine aliitafuta ya pili?