Waliobebwa Kwenda Kufia Kwao

Mwanangu, ipo siku moja pale Tarime, miaka ile ya hamsini, ambayo hata leo nikiikumbuka hamu ya kula inaniisha. Nilikuwa kijana, nafundisha wauguzi takwimu za magonjwa: waliougua, waliopona, waliokufa, na hesabu hizo zinatuambia nini. Nilijiona bwana mkubwa, usiniulize.

Daktari akaingia darasani anacheka. Kifaduro kilikuwa kinamaliza watoto kila mahali, lakini kwenye zahanati moja ndogo upande wa Kemambo, akasema, hajafa hata mmoja. Basi dawa za huko zingehamishiwa kwingine wiki ileile.

Bhoke, muuguzi wa zahanati hiyo, akasimama. "Bwana daktari, wanakufa. Mama akiona mtoto amezidiwa, anambeba mgongoni anarudi naye, afie kwao, azikwe kwenye boma la baba yake. Sisi tunamhesabu na waliokwenda nyumbani."

"Na waliokwenda nyumbani ndio waliopona," daktari akajibu. "Nileteeni hesabu ya waliokufa, dawa zitabaki."

Nikaona hiyo kazi ndogo! Nikaongozana na Bhoke, tukapita boma kwa boma. Shikamoo mama, una watoto wangapi, wangapi wamekufa? Wakatugeuzia mgongo. Kwetu watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawaitia kifo. Mimi mwenyewe Mkurya nililelewa hivyo, ila shule ilikuwa imeninyoosha, nikadhani na wao imewanyoosha.

Mwishoni tukamkuta bibi mmoja, Robhi, amekaa chini, kichwa amenyoa kwa msiba. Nikamuuliza vilevile. Alinitazama mpaka nikashusha kalamu.

"Wewe mtoto wa nani? Nimezika wajukuu, hujanipa hata pole. Unaniuliza wangapi, kama umekuja kununua mbuzi?"

Nikaketi, nikampa pole. Akalia, nami nikalia. Kisha akaanza kutaja majina, kila jina na mama yake. Wanawake wengine wakaja, wakaketi, wakataja ya kwao. Hakuna aliyesema ni wangapi. Bhoke alihesabu kimoyomoyo.

Tuliporudi zahanati, gari lilikuwa limeshaondoka na dawa. Hesabu tukampelekea daktari. Akasema ni nzuri, ila tumechelewa. Watoto wakaendelea kubebwa migongoni kurudi kwao.

Nimefundisha jambo hili mpaka nimestaafu. Wanafunzi waliandika, wakafaulu mtihani, wakaenda kusimama penye misiba ya watu wakiuliza wangapi. Nimechoka, mwanangu, na sidhani kama wewe unayekwenda kuanza kazi hii utakuwa tofauti. Hata hivyo nakuambia: takwimu zikikuonyesha hakuna aliyekufa, kaulize wagonjwa wamekwenda wapi. Ukifika kwa mfiwa, keti, toa pole, kalamu ikae mfukoni. Na uwahi. Mimi sikuwahi.

Nenda, Mungu akutangulie. Akujalie watoto wako ndio wakuzike, usiwazike wewe.